Joto la Kola Moja

Blanketi lenyewe lilikuwa kuukuu, la kijivu, lile la kutandika juu ya meza ya kupigia pasi. Katikati lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, limechongoka mbele na kukatika nyuma, kingo zake nyeusi kama zimechorwa kwa mkaa. Mama mwenye nyumba aliliinua kwa mikono miwili katikati ya ua, akachungulia kwenye tundu, akawaangalia wapangaji mmoja mmoja.

"Haya, jirani zangu, njooni muone dirisha jipya," alisema. "Miaka kumi na minne nyumba hii imesimama, sijawahi kuongeza dirisha. Leo Mama Kola kaniongezea. Bila ruhusa, bila fundi."

Mtu mmoja alicheka, kisha alipoona wenzake hawacheki akajifanya anakohoa.

Mama Kola alisimama mlangoni kwake na hanga mkononi. Jina hilo alipewa na wateja, maana mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kunyoosha kola ya shati kama yeye. Binti yake, ambaye ua wote ulimwita Karani kwa sababu alikaa mapokezi katika kliniki ya meno mtaa wa pili, ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini, mkoba begani, kiatu kimoja kinambana.

"Umeme ulikatika," alisema Mama Kola. "Nilikuwa napiga pasi, umeme ukakatika. Nikatoka. Ukarudi wenyewe. Sasa kosa langu ni lipi? Mimi ndiye niliyeurudisha?"

"Ulitoka kwenda wapi?"

Mama Kola akafungua kinywa, akakifunga. Akaitazama ile hanga kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Kuanua nguo."

Kamba ya nguo ilikuwa tupu tangu asubuhi. Kila mtu aliiona. Karani naye aliiona, tena yeye alijua zaidi. Mwenye duka la kona alikuwa amemsimamisha njiani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake alisimama pale nje muda mrefu na hanga mkononi, na kila akiulizwa anataka nini, anajibu, "Subiri, mwanangu, litakuja tu."

"Mimi si mtu mbaya," alisema mama mwenye nyumba, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Lakini mume wangu aliniachia nyumba hii, hakuniachia nyingine. Moshi wa kwanza nimeumeza. Moshi wa pili, vyombo nje. Karani, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama mwenye nyumba akalikunja lile blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akamwekea Karani mikononi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Kaka yake Karani alikuwa dereva wa lori. Hakujua kuongea taratibu, maana maisha yake yote alikuwa akishindana na injini.

"Mlete kwangu!" alipiga kelele ndani ya simu. "Wifi yako yupo nyumbani kutwa. Hatashika pasi, hatashika jiko. Atakaa tu!"

Mama Kola alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akishona vifungo vya shati la mtu. Hakuinua macho. "Mwambie kukaa tu ni kazi ya kiti."

"Anasemaje?"

"Anasema amekusikia, kaka."

"Sikiliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi napita hapo na gari tupu. Kama jambo hili halijakaa sawa, nampakia. Mtu hasubiri nyumba iungue ndipo aseme alijua!"

Simu ilipokatika, Karani akakitazama chumba. Kilikuwa chumba kimoja cha watu wawili, kitanda huku, kitanda kule, na katikati meza ya pasi, kwa hiyo usiku mtu akitaka kutoka ilibidi apite ubavu. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na boksi lenye pasi mpya ambayo Karani aliinunua mwaka uliopita. Haikuwahi kutolewa. Mama Kola aliishika siku ile ile iliyoletwa, akaipima mkononi, akasema, "Hii ni nyepesi kama sahani. Hii itanyoosha nini, uji?" Akairudisha.

Pasi yake ilikuwa ya chuma, nzito, ya zamani. Kile kidude cha kupima joto ndani yake kilikufa miaka mingi nyuma, na tangu hapo kidude kikawa ni yeye mwenyewe. Aliiwasha dakika nne, si zaidi. Kisha aliizima ukutani, akapiga mgongo wa shati wakati moto ungali mkali, halafu mikono, halafu mabega, na kola akaiacha mwisho kabisa, chuma kikiwa kinaelekea kupoa. "Kola haipigwi kwa moto," alizoea kusema. "Moto unaikausha, inakuwa kama kadibodi, jioni imepinda. Kola inapigwa kwa joto lililobaki." Kisha dakika nne tena. Hivyo ndivyo alivyomsomesha Karani, hivyo ndivyo alivyomnunulia kaka yake leseni ya kwanza ya udereva.

Hakuna aliyewahi kumuuliza itakuwaje siku kidude hicho cha pili nacho kikianza kuharibika.

"Mama," alisema Karani. "Kuna plagi zinauzwa siku hizi. Unachomeka ukutani, halafu kifaa chako unakichomeka humo. Nikiwa kazini naona kwenye simu kama pasi inawaka. Ikizidi, naizima."

"Wewe ukiwa kliniki?"

"Nikiwa kliniki."

Mama Kola akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo nitakuwa napiga pasi na wewe umeshika mkia wake."

Walikwenda pamoja dukani siku ya mapumziko. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi pembeni, na alikuwa na tabia ya kuongea na Karani tu, kana kwamba Mama Kola ni mkoba ulioachwa juu ya kaunta.

"Plagi janja zipo, dada. Ni za taa?"

"Taa hapana. Taa tunajua kuzima."

"Basi ni za nini? Maana hapo ndipo watu wanapokosea. Mtu ananunua hii ndogo, bei chee, anakwenda kuchomekea birika. Wiki ya pili ananirudishia imeyeyuka kama mshumaa." Akapanga boksi tatu mezani. "Feni, redio, runinga, hii ndogo inatosha. Kitu kinachotoa joto, pasi, birika, jiko la sahani, lazima hii nene. Imeandikwa hapa, ampea kumi na sita. Usiangalie rangi, angalia hii namba."

"Na friji?" aliuliza Karani.

"Friji mwache na ukuta wake. Ukigusa simu bahati mbaya ukamzima, utagundua kwa pua." Akacheka peke yake. "Kifaa chenyewe ni kipi?"

"Pasi. Na kama hela itatosha, birika."

"Pasi anapiga nani?"

"Mama."

Kijana akamtupia Mama Kola jicho, akarudi kwa Karani na kushusha sauti, lakini duka lilikuwa dogo na Mama Kola masikio yake hayakuwa na neno. "Anasahau?"

Karani akatazama vitu vilivyotundikwa ukutani.

"Anasahau," Mama Kola akajibu mwenyewe, "lakini hajasahau kusalimiwa."

Kijana akaona haya, akasalimia, tena kwa kuinama kidogo. Baada ya hapo aliongea na wote wawili. Akaeleza kwamba plagi hizi hazifanani tabia: nyingine umeme ukikatika na kurudi, zinawasha kifaa zenyewe, nyingine zinabaki zimezima mpaka mtu aziamuru. "Mwenye kamera ya ulinzi anataka ile ya kwanza. Kwa pasi, bibi, unataka ile inayobaki kimya."

"Naam," alisema Mama Kola, na akamgeukia binti yake. "Umesikia? Nilikwambia ni umeme uliorudi wenyewe."

"Nimesikia, mama."

Zilibaki za aina mbili. Moja ilikuwa ya bei ya kawaida. Karani akahesabu kichwani, akaona zinatoka mbili, ya pasi na ya birika. Ya pili ilikuwa ghali karibu mara mbili. Karani alikwisha kuinyooshea kidole ile ya kwanza, Mama Kola akaichukua, akaigeuza huku na huku, mbele na nyuma.

"Hii inazimwa na simu yake," alisema. "Na mimi? Mimi nina nini hapa?"

"Kitufe kipo, bibi. Hapo chini, hicho kitundu. Unabonyeza kwa ncha ya kalamu."

"Na hiyo nyingine?"

"Ile kitufe kiko mbele, kikubwa, unakiona hata bila miwani. Ukibonyeza kinawaka kijani."

"Basi hiyo."

"Mama, hiyo itatoka moja tu. Birika je?"

"Birika lina filimbi, linajililia lenyewe," alisema Mama Kola. "Mimi nataka mlango ninaoweza kuufungua na mimi."

Wakatoka na moja.

Kumbe plagi ilihitaji intaneti, na intaneti ndani ya nyumba ile alikuwa nayo mmoja tu. Karani alisimama mlangoni kwa mama mwenye nyumba dakika nzima kabla ya kubisha.

"Ehee," alisema yule mama baada ya kusikiliza. "Mmewasha moto, sasa mnakuja kwangu kuomba maji ya kuuzimia."

"Ndiyo, mama. Tunaomba."

Alitegemea kejeli nyingine, haikuja. Mama mwenye nyumba alisimama akishika fremu ya mlango, akatazama upande ambako kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye shati jeupe.

"Andika neno la siri," alisema. "Jina la marehemu, herufi ndogo zote. Halafu mwaka aliofariki." Karani alipokuwa akiandika, yule mama akaongeza, "Shati hilo la kwenye picha alilipiga mama yako. Lakini moshi ni moshi."

Ilikuwa kazi kukubali kwamba mambo yalikwenda vizuri. Kwenye mapokezi ya kliniki, katikati ya watu waliovimba mashavu, Karani aliweka simu chini ya daftari la miadi na kutazama. Pasi ikiwaka, mstari ulipanda. Ikizimwa, ulishuka. Dakika nne juu, kumi chini, nne juu. Kilima, bonde, kilima. Hakuwahi kujua kwamba kazi ya mama yake ina umbo. Miaka yote aliisikia tu kama harufu ya wanga wa nguo na maji ya moto akirudi kutoka shule. Sasa alikaa akihesabu: mashati mawili hayo. Mawili mengine hayo. Sasa amesimama kunywa chai.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, kilima kikapanda na hakikushuka. Dakika tano. Sita. Saba. Karani akaichomoa simu chini ya daftari. Dakika ya nane akabonyeza.

Jioni alimkuta mama yake amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, uani, mbele ya watu.

"Karibu, bibi mkubwa," alisema Mama Kola. "Tumekuamkia."

"Mama, ilizidi dakika nane, nikadhani..."

"Lilikuwa koti! Koti la sufu la mwalimu mkuu, lenye kitambaa kibichi juu yake. Koti halipigwi kwa dakika nne, linataka moto mfululizo mpaka mvuke utoke. Mwalimu mwenyewe amekaa kwenye kiti changu, anasubiri, ana kikao. Pasi ikafa mkononi mwangu. Nikabonyeza kile kitufe, ikawaka. Ikafa tena!"

Karani alikumbuka. Aliona imewaka tena, akaizima tena. Mara tatu.

"Unajua aliniambia nini? 'Mama, labda umechoka.' Mimi! Mtu ambaye amevaa kola zangu tangu ni mwalimu wa zamu! Akaondoka na koti lake bichi bega moja." Akasimama, akachukua ndoo yake. "Ukimfunga mtu mikono, basi na chakula umlishe."

Kesho yake mstari wa simu ulikuwa wa ajabu. Ulipanda asubuhi, ukabaki umepanda kutwa, lakini mdogo, kama uzi uliolazwa chini. Karani akasogeza macho karibu asome namba. Wati tisa.

Alicheka hata mgonjwa mmoja akamkasirikia. Pasi gani inakula wati tisa? Mama alikuwa amechomeka redio kwenye plagi janja, na pasi ameirudisha ukutani.

Aliporudi hakumgombeza. Aliketi kitandani kwake, mama kitandani kwake, meza katikati, redio ikiongea.

"Redio yako inawaka vizuri," alisema Karani.

"Haina ugomvi na mtu."

Kisha Karani akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Mama, siku ile ya blanketi ulikuwa nje ya duka la kona."

Mama Kola alipunguza sauti ya redio. Akapunguza tena, mpaka ikazimika.

"Najua nilikokuwa," alisema. "Nilichokuwa sijui ni nilikwenda kufanya nini. Unafikiri mimi sioni? Neno linaondoka hapa," akagusa paji la uso, "nauona mgongo wake linavyokwenda, naliita, haligeuki. Lakini mkono haujasahau, mwanangu. Mkono wangu unajua kila kitu. Ukininyang'anya pasi, nitabaki na hiki kichwa peke yake. Sasa nitaishi na nani?"

Karani alisimama, akapita ubavu, akaitoa redio kwenye plagi.

Usiku ule walifanya mapatano, na aliyeyaleta ni Mama Kola. Karani akiona kilima kimezidi, atazima mara moja tu. Asizime mara ya pili. "Hiyo itakuwa umebisha hodi. Mimi nikibonyeza kitufe, ujue nimekuitikia karibu. Hapo ninyamazie, niache na koti langu. Umenielewa? Mtu akiitikiwa haendelei kugonga mlango."

"Na usipoitikia?"

"Mtu asipoitikia hodi hufanywaje? Watu huingia."

Walifika Jumatano ya wiki ya mwisho wa mwezi bila moshi. Karani alibisha hodi mara tano, na mara zote tano taa ya kijani ilirudi kabla dakika haijaisha. Mara moja ilirudi upesi mno, ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa, na Karani akajua anatukanwa kwa upendo. Alikuwa amekwisha kuanza kutunga maneno ya kumwambia kaka yake: jambo limekaa sawa, kaka, pita na gari lako.

Saa tano asubuhi, mgonjwa mmoja akiwa anabishana kwamba miadi yake ilikuwa jana, kilima kilipanda. Dakika nne. Tano. Alikuwa anajua mashati ya siku ile. Aliyapokea mwenyewe asubuhi, sita, yote ya pamba, ya mhudumu wa hoteli. Hakukuwa na koti. Dakika ya sita akabonyeza.

Mstari ukaanguka.

"Unanisikiliza, dada?" alisema mgonjwa.

"Nakusikiliza."

Dakika moja. Mstari ulilala chini. Akapiga simu ya mama; ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Dakika mbili. Daktari alitoa kichwa mlangoni: "Karani, faili." Karani alisimama na faili mkononi, akampita daktari, akampita mgonjwa, akatoka.

"Karani! Unakwenda wapi na faili la mtu?"

Hakujibu. Kwenye kona alivua kile kiatu kinachobana, kisha akavua na cha pili. Watu walimpisha, wengine wakigeuka kuona anafukuzwa na nani. Mwenye duka la kona alipomwona akasema, "Hajapita hapa leo," na neno lile halikumpa nafuu.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma.

Mama Kola alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imelala pembeni. Pasi ilikuwa imelazwa juu ya blanketi, kando ya shati, na blanketi kuizunguka lilikuwa limeiva rangi ya chai, halijawa jeusi. Harufu ilikuwepo, nyembamba. Simu ilikuwa juu ya kitanda. Kwenye ukuta plagi ilikuwa imekaa bila mwanga wowote, na kitufe chake kikubwa kilikuwa hatua moja tu kutoka mkono wa mama.

"Mama."

"Nilisikia," alisema Mama Kola bila kugeuka. "Pasi ilipokufa nikasikia. Nikajua, huyu ni mwanangu anabisha hodi. Nikajua hodi ina jibu lake. Nikasimama hapa nikalitafuta. Nimelitafuta, mwanangu. Simu ikalia, nikasema subiri nimalize hili kwanza. Halikuja."

Karani aliiinua pasi, akaisimamisha wima.

Nyuma yao sakafu ya baraza ililia chini ya nyayo. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, pua juu.

"Nasikia harufu."

Macho yake yakaenda kwenye meza, yakakaa kwenye ile rangi ya chai yenye umbo alilolijua. Yakaenda kwa Karani, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, faili la meno la mtu kwapani. Yakaenda kwa Mama Kola, akatazama uso ule kwa muda.

"Ni wanga," alisema Mama Kola taratibu. "Wanga ukikutana na chuma hunuka, mama."

"Hunuka," alisema mama mwenye nyumba. Akashika fremu ya mlango kama alivyoshika ile ya kwake. "Haya. Moshi sijauona." Akaurudisha mlango mwenyewe, polepole, mpaka ukabana.

Mama Kola alivuta pumzi. "Kaka yako anapita lini?"

"Jumamosi. Mama, naweza kumwambia..."

"Usimwambie uongo, mimi leo nimekwisha kusema mmoja, unatosha nyumba nzima. Mwambie aje." Akalisawazisha shati kwa kiganja, akanyoosha bega, akanyoosha bega la pili. "Lakini mwambie gari lisiwe limejaa. Naondoka na meza yangu. Na mkewe ajiandae kukaa karibu yangu nikipiga, awe anabisha hodi kwa mdomo. Kukaa tu sikai."

"Nitamwambia."

"Na hiyo plagi yako uichomoe, niende nayo. Kwao pia umeme unakatika."

Karani akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kuvuta waya wa pasi, Mama Kola akamzuia. Alikuwa amekilamba kidole, akakigusisha chini ya chuma, haraka, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Akasikiliza.

"Bado," alisema. "Ina kola moja."

Akaigeuza kola ya shati la yule mhudumu wa hoteli, akainyunyizia maji kwa ncha za vidole, akaishika ncha moja na kuanza kutoka pembeni kwenda katikati, kisha upande wa pili kwenda katikati, bila haraka, bila kurudia, mkono mzito na mwepesi kwa pamoja. Simu ya Karani ilikuwa imeshikwa wazi katika kiganja chake. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Wati sifuri, ilisema simu, kifaa kimezimwa. Na juu ya meza kola ilikuwa ikinyooka.